Mrejesho wa Mwalimu Asiyesikia: Lugha ya Masomo ya Masafa Kenya na Tanzania Mwaka 2020

1.0 Utangulizi

Tarehe 15 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba shule zote zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ambao baadaye ulikuja kuitwa UVIKO-19. Siku mbili baadaye Serikali ya Tanzania ilitoa tangazo kama hilo. Muda wa kufungwa ulitofautiana sana baina ya nchi hizi mbili. Nchini Tanzania wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na wenzao wa madarasa mengine tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Nchini Kenya gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne ndio waliotangulia tarehe 12 Oktoba, na waliobaki wakangoja mpaka Januari 2021. Katika miezi hiyo jumuiya ya shule, yaani walimu, wanafunzi, wazazi na walezi, ilitakiwa kuendelea na masomo pasipo kukutana.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya vyombo: nani alikuwa na redio, nani simu, nani umeme. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takribani asilimia 57 ya kaya zilikuwa na redio na asilimia 41 televisheni, ilhali zenye kompyuta hazikufika asilimia 10. Takwimu hizo ni za maana na hatukusudii kuzipuuza. Hata hivyo, zinahesabu vyombo, hazihesabu wasemaji. Makala haya yanalitazama jambo hilohilo kwa jicho la isimu. Hoja yetu ni kwamba kilichopotea shule zilipofungwa si habari za masomo, kwani habari zilibaki vitabuni na nyingine zikawa hewani. Kilichopotea ni hatua moja ya mazungumzo: ile ambayo mwalimu humjibu mwanafunzi baada ya mwanafunzi kujibu. Hatua hiyo ilipohamia nyumbani, lugha ndiyo iliyoamua nani angeweza kuishika na nani angenyamaza.

2.0 Juu ya Istilahi

Kabla ya kuendelea inafaa tuseme machache kuhusu jina la jambo lenyewe. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilizungumzia masomo kwa njia ya posta, na jina hilo lilitaja chombo waziwazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, istilahi elimu masafa ilizidi kuenea. Mwaka 2020 yakaongezeka masomo ya mbali, masomo ya mtandaoni, na mengineyo ambayo magazeti yaliyatumia bila mpango.

Kati ya hayo sisi tunapendelea masafa. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya umbali, lakini watangazaji wamelizoeza pia maana ya mawimbi ya redio, kama katika masafa mafupi na masafa ya kati. Kwa hiyo, kwa sadfa njema, istilahi moja inabeba umbali na chombo cha kuuvukia. Masomo ya mbali, kwa upande mwingine, yana utata usiopendeza. Mbali na nani? Mtoto aliyekaa ukumbini kwao hakuwa mbali na kitu chochote isipokuwa mwalimu wake.

Neno darasa nalo linatufaa. Msemaji wa bara akilisikia hukumbuka chumba chenye ubao na madawati. Pwani, aliyekwenda kusikiliza darasa msikitini hakwenda chumbani. Alikwenda kwenye kikao cha kusomeshwa, popote kilipo. Kwa maana hiyo ya kale darasa ni tendo la watu wanaosemezana, na ndiyo maana tutakayoifuata hapa chini.

3.0 Hatua Tatu za Mazungumzo ya Darasani

Sinclair na Coulthard (1975), walipochunguza mazungumzo ya madarasa ya Uingereza, walionyesha kuwa msemezano wa mwalimu na wanafunzi una umbo la hatua tatu. Mwalimu huanzisha, mwanafunzi hujibu, kisha mwalimu huyo hutoa mrejesho juu ya jibu. Hatua ya tatu ndiyo inayolitenga darasa na mazungumzo mengine. Mtu akikuuliza njiani "Saa ngapi?" nawe ukamwambia "Saa nne", hatakuambia "Vizuri sana". Mwalimu atasema hivyo, kwa sababu hakuuliza apate kujua. Aliuliza apate kujua kama wewe unajua.

Katika madarasa yetu umbo hili lina sura yake mahususi. Tuchukue mfano (1), ambao tumeutunga kwa kufuata mwenendo ambao kila aliyepita shule ya msingi ataukumbuka:

(1) Mwalimu: Ubeti huu una mishororo mi...?
Wanafunzi: Minne!
Mwalimu: Minne. Vizuri.

Mwalimu hakuuliza kwa kiulizi. Alianza sentensi, akapandisha sauti, akaacha neno likiwa limekatika, na darasa zima likalimalizia. Tukichunguza mahali alipokata tutaona jambo la kuvutia: amekata baada ya kiambishi cha upatanisho. Ametoa mi- na kuwaachia wanafunzi mzizi. Kwa hiyo swali hili linapima maarifa ya ushairi peke yake, na sarufi mwalimu ameitoa bure. Mwalimu huyohuyo akitaka kupima sarufi atakata mapema zaidi, "mishororo...?", na hapo atakayesema "nne" badala ya "minne" atajulikana. Walimu wetu hufanya uchaguzi huu mara nyingi kwa siku bila kuutaja, na hatujui kama umewahi kuandikwa katika kitabu chochote cha mbinu za kufundishia. Unategemea kitu kimoja: kwamba mwalimu anasikia. Darasa likijibu kwa pamoja, sikio lake hutambua sauti zilizochelewa, zilizofuata mkumbo, na ile moja ya nyuma iliyosema "minane".

Jambo la pili ni vioneshi. Kiswahili kina mfumo wa sehemu tatu: hiki kwa kilicho karibu, kile kwa kilicho mbali, na hicho kwa kilichokwisha kutajwa, ambacho tangu Ashton (1944) sarufi zetu zinakihusisha na -o ya urejeshi. Darasani vioneshi vya aina mbili za kwanza hutumika mno, kwa kuwa mkono wa mwalimu uko ubaoni: "angalieni hapa", "chukua hii uipeleke kule". Hewani vioneshi hivyo hufa. Mtangazaji akisema hiki hakuna anachokionyesha, na lugha inamsukuma kuelekea hicho, hiyo, huo, yaani kuonyesha kwa kurejelea maneno badala ya vitu. Hilo si hasara tupu. Somo la redio lililotungwa vyema hulazimika kutaja kila kitu kwa jina lake, na mwanafunzi husikia msamiati ambao ubao ulikuwa ukiuficha. Lakini linamtaka mtoto ashike kumbukumbu ndefu, na mtoto wa gredi ya kwanza kumbukumbu yake bado ni fupi.

Sasa tulinganishe mfano (1) na umbo lake la redioni, nalo tumelitunga:

(2) Mwalimu: Je, ubeti huo una mishororo mingapi? Hesabu kwa vidole. (Kimya.) Kama umesema minne, hongera sana. Kama hukupata minne, usijali, hesabu tena.

Pengo hilo la kimya si bahati mbaya. Ni mbinu yenye historia. Katika miaka ya 1970 ilijaribiwa nchini Nicaragua katika kufundisha hisabati kwa redio, na baina ya 1980 na 1985 ikaletwa Kenya kufundishia Kiingereza katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Zanzibar iliitumia kwa watoto wadogo katika vipindi vya Tucheze Tujifunze kwenye miaka ya 2000. Vipindi hivyo vyote huacha muda uliopimwa ili mtoto ajibu, kisha hutoa jibu. Lakini tazama kilichoipata hatua ya tatu katika mfano (2). Mrejesho umegeuka kuwa sentensi ya masharti. Mwalimu wa (1) anathibitisha. Mwalimu wa (2) anakisia, na kwa kuwa anakisia hana budi kuwajibu wote, aliyepata na aliyekosa, kwa pumzi moja. Aliyekosa anaambiwa kwamba amekosa. Haambiwi kwa nini.

Na "kwa nini" ndiyo kiini cha somo. Mwezi Mei 2020 tulikuwa nyumbani kwa mama yetu mkubwa, mzee wa pwani ambaye hakusoma shule, ila alijifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970. Mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa akisikiliza kipindi cha ushairi redioni. Ilipoulizwa idadi ya mishororo alisema "minane". Redio ikasema minne, ikaendelea na safari yake. Mtoto akarudia kuhesabu, akapata minane tena, akatutazama. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua hata kichwa: "Wewe wahesabu vipande, mwanangu. Kila mshororo una vipande viwili, cha mbele na cha nyuma. Sasa gawa." Hayo ndiyo maelezo ya ukwapi na utao, na ndiyo hatua ya tatu iliyokamilika: kosa limetambuliwa, chanzo chake kimetajwa, na njia ya kulisahihisha imetolewa. Redio isingeweza kuifanya. Aliyeifanya aliweza kwa sababu mbili, kwamba alikuwapo na kwamba somo lilikuwa katika lugha yake. Tutarudi kwake.

4.0 Redio na Kundi

Msomaji wa umri wetu atauliza: mbona Tanzania ilifundisha kwa redio zamani, na ikafanikiwa? Ndivyo ilivyokuwa. Kampeni ya Uchaguzi ni Wako ya mwaka 1970, Wakati wa Furaha ya 1971 ya kuadhimisha miaka 10 ya uhuru, Mtu ni Afya ya 1973 na Chakula ni Uhai ya 1975 zote zilitumia redio. Mtu ni Afya peke yake ilikusanya takribani watu wazima milioni 2 katika vikundi vya kujifunza nchi nzima.

Lakini neno la kuzingatia hapo ni vikundi. Redio haikuwa mwalimu. Watu walikusanyika chini ya mti au katika nyumba ya mmoja wao, wakiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu cha kusoma. Kipindi kilipokwisha kiongozi aliuliza, wanakikundi wakajibu na kubishana, kisha wakaazimia la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani yanayozaa mbu. Kwa istilahi za sehemu iliyotangulia, redio ilishika hatua ya kwanza tu. Ya pili na ya tatu zilishikwa na watu waliokaa uso kwa uso, katika Kiswahili, lugha ambayo kiongozi na wanakikundi waliimudu.

Mwaka 2020 hali ilikuwa kinyume. Ugonjwa wenyewe uliambukizwa kwa kukaa pamoja, kwa hiyo kitu kilekile kilichoyafanya masomo ya redio yafaulu mwaka 1973, yaani mkusanyiko, ndicho kilichokatazwa. Redio ilirudi bila kundi lake. Wanaotoa mfano wa kampeni za zamani ili kuonyesha kuwa vipindi vya 2020 vilikosa bidii au ubunifu wanalisahau jambo hili, nasi tunaona wanawaonea watayarishaji.

5.0 Lugha ya Nyumbani Ilipokutana na Lugha ya Somo

Kundi lililoruhusiwa kukaa pamoja lilikuwa moja tu: kaya. Hapo ndipo suala la lugha ya kufundishia, ambalo katika taaluma yetu limejadiliwa hata likachosha, lilipopata sura mpya.

Tuanze na Tanzania. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Ripoti ya Criper na Dodd (1984) ilieleza jinsi Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilivyokuwa hafifu mno kubeba masomo, na tafiti zilizohaririwa na Rubagumya (1990) zikaonyesha kinachotokea darasani kwa kweli: mwalimu husoma maelezo kwa Kiingereza, kisha huyafafanua kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, daftari ni la Kiingereza, lakini kuelewa hupatikana katika Kiswahili cha katikati, kisichoandikwa popote.

Kiswahili hicho cha katikati kiliishi kwa kuwa mlango wa darasa ulikuwa umefungwa. Mkaguzi akiingia mwalimu hurudi kwenye Kiingereza, mkaguzi akitoka Kiswahili hurejea. Somo linaloandikwa na kusambazwa halina mlango wa kufunga. Maelezo yaliyochapwa, maswali yaliyopigwa picha na kutumwa kwa simu, kitabu cha kiada alichobaki nacho mwanafunzi kitandani, vyote vilikuwa katika lugha ya sera. Inawezekana kusema, na tunasema kwa makusudi, kwamba miezi ile mitatu ndiyo mara ya kwanza sera ya Kiingereza katika sekondari kutekelezwa kikamilifu katika nyumba nyingi za Tanzania. Ilitekelezwa kwa sababu aliyekuwa akiivunja kwa huruma, yaani mwalimu, hakuwapo.

Turudi kwa mama yetu mkubwa. Usiku wa siku ileile mjukuu wake mwingine, wa kidato cha pili, alifungua daftari la biolojia kwenye mada ya usanisinuru, lakini daftari halikusema usanisinuru. Lilikuwa na aya mbili za Kiingereza alizozinakili Februari. Alizisoma kwa sauti, mara mbili. Bibi, ambaye amelima maisha yake yote na anajua mhogo uliopandwa kivulini hutoa mizizi ya namna gani, alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Umemaliza?" Kijana akasema amemaliza. Basi. Mchana alikuwa mwalimu, na usiku akawa msikilizaji. Maarifa yake hayakupungua baina ya mchana na usiku.

Nchini Kenya mgawanyiko umekaa kwa namna nyingine. Tangu ripoti ya Gachathi (1976), na hata katika mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa miaka ya 2010, sera imekuwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya mwanzo, iwe ni Kikamba, Kitaita au Kiswahili, kisha Kiingereza kishike nafasi. Kiswahili ni somo la lazima. Vipindi vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya vya mwaka 2020 vilipita katika Redio Taifa na katika idhaa ya Kiingereza ya Shirika la Utangazaji la Kenya. Lakini redio ya taifa haina eneo. Mwalimu wa gredi ya pili huko Kitui, ambaye darasani angesema sentensi kwa Kikamba na kuangalia nyuso kama zimeng'amua, hakuwa na mwenzake hewani. Kwa mtoto huyo lugha ya eneo iliondoka shuleni siku ile shule ilipofungwa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amerudi nyumbani, mahali ambapo lugha hiyo haikuwahi kuondoka.

Kwa hiyo nchi hizi mbili zilipatwa na jambo moja kwa njia tofauti. Tanzania, pengo lilikuwa baina ya darasa la saba na kidato cha kwanza. Kenya, lilikuwa pale chini kabisa, katika gredi za kwanza, na likaongezeka kadiri mtoto alivyopanda. Nyumba za walimu, makarani na wafanyabiashara wenye Kiingereza zilivuka mapengo hayo bila kuyaona, na ni watu wa nyumba hizo walioandika tathmini nyingi za kipindi kile. Nasi ni miongoni mwao.

6.0 Mrejesho wa Maandishi

Haifai kuacha kabisa makundi ya WhatsApp, ingawa yaliwafikia wachache. Hapo hatua ya tatu ilirudi, lakini ikawa ya maandishi, na ikawa mbele ya wazazi wote. Mwalimu ambaye darasani angesema "Aa-aa, fikiri tena" kwa sauti ya mzaha, sasa aliandika "Si sahihi", na Mama Fulani akaisoma kazini mbele ya wenzake. Kiimbo kilichokuwa kikipunguza makali hakina alama katika tahajia yetu. Walimu wengi waligundua wenyewe dawa yake: waliacha kuandika na kutuma sauti zao zilizorekodiwa, zikianza kwa maamkizi marefu kama ya barua, "Hamjambo wanangu, hapa ni mwalimu wenu wa Kiswahili", hata kama rekodi yenyewe ina dakika moja. Maamkizi hayo darasani huchukua sekunde mbili na hujibiwa kwa kusimama. Hapa yalirefuka kwa sababu yalibeba kazi ya kiti, meza na sare.

Tunatoa pendekezo moja kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada. Vipindi vingi vya mwaka 2020 vilirekodiwa, na vile vya taasisi za mitaala viliwekwa kwenye intaneti. Ukiwa na saa yenye mshale wa sekunde unaweza kupima pengo la kimya baada ya kila swali, kipindi cha Kiswahili kwa kipindi cha Kiingereza, gredi kwa gredi, na kuona watayarishaji walimpa mtoto muda gani wa kufikiri katika kila lugha. Sisi tumejaribu kwa vipindi vitatu tu, idadi ambayo haitoshi kusemea lolote. Aliyekuwa ameketi nasi wakati wa kupima alikuwa mjukuu yuleyule wa darasa la sita, ambaye sasa yuko sekondari. Katika kipindi cha pili alijibu swali kabla ya redio, akangoja, kisha akatugeukia sisi.